Kumwona daktari kwa simu au video Marekani bila Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, uwe umetokea Uvira, Bujumbura, Kigoma, Mombasa au kambi ya Nyarugusu, na kwa ndugu wanaoshika simu kwa niaba ya wazee. Jambo moja litajirudia, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika: mkalimani hutafutwa siku ya kupanga miadi. Ukisubiri daktari atokee kwenye kioo ndipo useme hujui Kiingereza, muda wako utaisha watu wakihangaika kutafuta wa kukusaidia.

Je, mkalimani ni haki yangu hata kama simwoni daktari ana kwa ana? Na nani anamlipa?

Ni haki yako, na analipa mtoa huduma. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake katika huduma zinazopokea fedha za serikali kuu, na lugha huhesabiwa humo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010, ile watu wanayoiita Obamacare, kinasema hivyo hivyo kwa hospitali, kliniki, famasi na makampuni ya bima. Kanuni za kifungu hicho zilizoanza kutumika Julai 5, 2024 zinataja wazi huduma za simu na video: mkalimani awe na sifa, awe wa bure, na sauti isikike vizuri bila kukatika.

Wewe utalipa tu kile ambacho bima yako inakutaka ulipe kwa miadi yoyote. Ukiona kwenye bili mstari wa gharama ya mkalimani, piga simu uukatae.

Kuna wasiobanwa na kifungu hicho: baadhi ya programu za simu zinazouza ushauri wa daktari kwa kadi ya benki, zisizopokea Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) wala fedha nyingine za serikali kuu. Matangazo yao yanavutia, lakini wengi wao hawana mkalimani wa Kiswahili. Kama huna bima, ni afadhali uende kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato. Vituo hivyo hutafutwa kwa anwani yako kwenye findahealthcenter.hrsa.gov, na hutakiwa kuhudumia hata asiye na uwezo wa kulipa.

Nimesikia rais ametangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Haki hiyo bado ipo?

Machi 1, 2025 ilitolewa amri ya rais ya kufanya Kiingereza lugha rasmi, na ikafuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu ziweke mipango ya kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Lakini amri ya rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge, na amri hiyo haikuwakataza watoa huduma kuleta wakalimani. Sheria ya 1964 na kifungu cha 1557 bado zipo. Mpokea simu akikwambia "mambo yamebadilika", omba kuongea na mratibu wa kifungu cha 1557. Kila taasisi ya afya iliyo chini ya kifungu hicho na yenye wafanyakazi 15 au zaidi inatakiwa kuwa naye, na mara nyingi kutaja cheo hicho tu kunatosha mkalimani akapatikana.

Nafanyaje siku ya kupiga simu kupanga miadi?

Simu za kliniki hupokelewa kwanza na mashine. Itasema kwa Kiingereza, halafu itasema kwa Kihispania ubonyeze 2. Usibonyeze. Subiri kwenye laini, au jaribu 0, mpaka mtu apokee. Sema maneno matatu tu, taratibu: "Swahili interpreter, please." Yatamke "Swahili intapreta, pliiz", kisha nyamaza. Ukiendelea kujaribu Kiingereza cha kuokoteza, mpokeaji atadhani mnaelewana na atakuendesha hivyo hivyo mpaka mwisho.

Atakuweka kwenye muziki. Kusubiri kunaweza kuchukua dakika moja au zaidi ya kumi, kutegemea kama kuna mkalimani wa Kiswahili aliye huru saa hiyo. Watu wengi hukata simu hapa wakidhani wamesahaulika. Usikate. Kikatokea kimya kisha sauti ya Kiswahili ikasema "Habari, mimi ni mkalimani namba fulani", umefika. Andika hiyo namba.

Sasa, kupitia kwake, maliza mambo haya kabla hamjaagana:

1. Uliza faili lako linasemaje kuhusu lugha. Mifumo mingi ina sehemu mbili tofauti: lugha unayopendelea, na kama unahitaji mkalimani, ndiyo au hapana. Kliniki ikijaza "Kiswahili" kwenye ya kwanza na kuacha "hapana" kwenye ya pili, mfumo hauoni sababu ya kumwita mkalimani. Kosa hili dogo la mezani hukwamisha watu mwaka mzima. Omba asome zote mbili.
2. Omba muda mrefu zaidi. Kila sentensi husemwa mara mbili, kwa hiyo miadi ya dakika 15 kiuhalisia huwa ya dakika saba au nane. Kliniki nyingi zinaweza kukupa nafasi mbili zilizofuatana zikiombwa mapema.
3. Uliza mkalimani ataingiaje: kwa linki yake mwenyewe kwenye video, au daktari atampigia simu amweke kwenye spika? Jibu likiwa "tutaona siku hiyo", bado hakuna mpango. Omba uandikwe kwenye miadi.
4. Uliza daktari atapiga kutoka namba gani, au kama itaonekana "Unknown". Wengi hawapokei namba wasizozijua kwa kuogopa matapeli, na hiyo ni akili nzuri siku nyingine zote.
5. Chukua namba ya kupiga linki ikigoma.

Na hakikisha sanduku la ujumbe wa sauti kwenye simu yako limefunguliwa na halijajaa. Kliniki ikipiga mara moja ukakosekana na haiwezi kuacha ujumbe, wengine huandika "hakuhudhuria" na kuendelea na mgonjwa mwingine.

Niseme Kiswahili tu, au nitaje ninakotoka?

Taja. Kampuni nyingi za ukalimani hutenganisha Kiswahili cha Kongo na cha Afrika Mashariki, na kuna sababu. Mtu wa Fizi au Lubumbashi aliyezoea kuchanganya Kifaransa anaweza kupewa mkalimani wa Dar es Salaam, wakaishia kusema "ndiyo, ndiyo" pande zote mbili bila kuelewana. Sema: "Kiswahili cha Kongo", au "Kiswahili cha Kenya".

Kama Kiswahili kwako ni lugha ya sokoni na maumivu unayaeleza kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe, Kifuliiru, Kizigula au Maay, omba hiyo, halafu uandikishe Kiswahili kama lugha ya pili. Wakalimani wa Kirundi na Kinyarwanda hupatikana kwa urahisi kiasi. Wa Kibembe au Kizigula ni wachache, na kumpata papo hapo kwa simu ni bahati. Kliniki ikijua siku kadhaa kabla, inaweza kumwekea nafasi.

Mbona nimeingia kwenye linki na hakuna mtu, kisha wanasema nimechelewa?

Kama si linki, basi ni saa au tarehe. Mitego ni minne.

Wa kwanza unaujua: "saa mbili asubuhi" kwetu ni 8:00 AM, lakini si kila Mswahili anahesabu hivyo. Baadhi ya Wakongo waliosoma kwa Kifaransa, na vijana waliokulia Marekani, husema "saa nane" wakimaanisha 8:00 AM. Mkalimani naye ana mazoea yake. Mwambie asome tarakimu kama zilivyoandikwa, pamoja na AM au PM, nawe uzirudie hivyo hivyo.

Wa pili ni tarehe. Marekani mwezi hutangulia: 3/4 ni Machi 4, si Aprili 3.

Wa tatu ni majira ya saa. Kentucky na Tennessee zimegawanyika katikati: Louisville iko saa moja mbele ya Bowling Green, na Knoxville saa moja mbele ya Nashville. Daktari wa mtandaoni akiwa mji mwingine, uliza saa hiyo ni ya kwake au ya kwako. Wa nne huja mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zinaposogezwa. Simu janja hujirekebisha. Saa ya ukutani haijirekebishi. Walioko Phoenix hawasogezi saa, lakini daktari wao akiwa jimbo jingine anaweza kuwa amesogeza.

Nahitaji simu ya aina gani, na bando kiasi gani?

Kwa miadi ya sauti tupu, simu yoyote, hata ya vitufe. Kwa video, simu janja yenye kamera ya mbele. Zoom ya watu wawili kwa picha ya kawaida hutumia kama kilobiti 600 kwa sekunde kila upande, na kwa picha kali kama megabiti 1.2. Kwa dakika 20 hiyo ni kati ya MB 180 na 360, na mkalimani akiingia kwa picha naye, ongeza. Bando likiwa dogo, zima kamera yako baada ya daktari kukuona. Sauti peke yake hula kidogo sana.

Ule mpango wa serikali wa kupunguza bei ya intaneti, ACP, uliisha Juni 1, 2024, na mtu anayekupigia leo akitaka kukuandikisha ni tapeli. Uliobaki ni Lifeline: punguzo la hadi dola 9.25 kwa mwezi kwenye simu au intaneti, moja kwa kaya. Unastahili kama kaya yako iko kwenye Medicaid, SNAP (msaada wa chakula) au SSI (fedha za wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo), au kipato hakizidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Maombi hufanyika lifelinesupport.org au 1-800-234-9473. Ukipata laini ya bure, itumie walau mara moja kila siku 30, na jibu barua ya kuhakikiwa kila mwaka. Laini nyingi hukatwa kwa barua hiyo iliyotupwa pamoja na matangazo.

Linki nimebonyeza, inazunguka tu.

Linki ikifunguka ndani ya programu nyingine kama Facebook, kamera inaweza isiwake. Inakili, uifungue kwa Safari kama una iPhone, au Chrome kwa simu za Android. Simu ikiuliza ruhusa ya kamera na maikrofoni, kubali zote mbili. Kama uliwahi kukataa, haitauliza tena: ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta Safari au Chrome, uwashe mwenyewe. Fanya jaribio hili jana yake. Siku yenyewe ingia dakika 15 kabla, maana huenda kuna fomu za kusaini.

Fomu hizo karibu zote ni za Kiingereza au Kihispania. Usisaini usichokielewa ili tu uruhusiwe kupita. Mkalimani anaweza kukusomea fomu ya ridhaa mwanzoni mwa miadi, nawe ukakubali kwa mdomo au kusaini baadaye.

Wananitaka nifungue akaunti ya MyChart, lango la mtandaoni la kuona faili langu la kliniki. Lazima?

Si lazima kila mahali, na unaweza kuomba miadi ya simu ya kawaida badala yake. Ila akaunti ina faida: majibu ya vipimo, kuomba dawa ziongezwe, kutuma picha ya upele kabla ya miadi. Lango la wagonjwa, liwe MyChart au jingine, linataka barua pepe yako mwenyewe, namba ya simu, na namba ya kufungulia iliyo kwenye karatasi ya kliniki au meseji. Namba hiyo ina muda wake wa kuisha. Ikikataa, omba mpya.

Wengi hukwama kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Andika kama zilivyo kwenye kadi ya bima, hata kama jina la ukoo limetangulia au kuna herufi imekosewa. Wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kama siku ya kuzaliwa: kwenye mfumo ndiyo siku yako, itumie hiyo hiyo kila mahali mpaka itakaposahihishwa rasmi.

Kijana wako akikusaidia, usimpe nywila yako. Omba kliniki imfanye mwakilishi kwenye akaunti, aingie kwa nywila yake. Kama ni wewe unayesimamia akaunti ya mtoto, jua kwamba akishafika umri wa miaka 12 au 13 hivi kliniki nyingi hupunguza unachoweza kuona. Hiyo ni faragha ya vijana kwa sheria za jimbo, si hitilafu.

Kwa nini daktari hataki tuongee WhatsApp? Wakati wa korona walikubali.

Wakati ule serikali ilisitisha adhabu za faragha kwa madaktari wanaotumia programu za kawaida za video kama WhatsApp. Ruhusa hiyo iliisha Mei 2023, na muda wa mpito ukafungwa Agosti 9 mwaka huo.

Daktari ametokea, mkalimani hayupo. Tuanze hivyo hivyo?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi hulegea kwa aibu ya kumpotezea daktari muda.

Mara nyingi mkalimani yupo, ila mahali pengine: ameachwa kwenye chumba cha kusubiria cha mtandaoni ambacho daktari hajakifungua, au ametumiwa linki ya miadi iliyopita. Pengine daktari amechelewa nusu saa, na mkalimani aliyewekewa dakika 30 ameshahamia kwa mgonjwa mwingine. Au sehemu ile ya pili ya faili ilisema "hapana".

Suluhisho la haraka ni simu. Sema: "Phone interpreter, please." Daktari ana namba ya kampuni ya ukalimani, anaweza kuipiga, kuunganisha laini ya watu watatu, na kukuacha kwenye video kwa picha tu au kuifunga kabisa. Simu ya watu watatu haina mapambo, lakini kwetu ndiyo njia inayogoma mara chache kuliko zote. Ikiwa daktari ameweka simu ya mezani kwenye spika kando ya kompyuta, sauti itarudi kama mwangwi: vaa visikilizio, zima sauti ya kifaa cha pili kama kimo chumbani, na omba simu isogezwe karibu naye.

Ikishindikana kabisa, omba tarehe mpya na useme wazi kwamba isiandikwe kuwa hukuhudhuria. Baadhi ya kliniki hutoza faini au humwondoa mgonjwa aliyekosa mara kadhaa, na alama hiyo haionyeshi kwamba aliyekosekana alikuwa mkalimani.

Wameanza kwa kuuliza niko wapi sasa hivi. Je, ni mambo ya uhamiaji?

Sio. Daktari ana leseni ya jimbo, na kinachohesabika ni mahali mwili wako ulipo dakika hiyo. Mkazi wa Ohio aliyeenda msibani Indiana anaweza kukataliwa miadi kwa sababu hiyo tu. Pia wanataka anwani ya kuitia ambulensi ukizidiwa mkiwa mnaongea. Toa anwani kamili, na namba ya nyumba.

Binti yangu wa miaka 14 anajua Kiingereza vizuri. Kwa nini asitafsiri yeye?

Kanuni zinakataza kumtumia mtoto, isipokuwa kwa muda mfupi kwenye dharura inayotishia maisha na hakuna mkalimani aliyepatikana bado. Mtoto hataki kumwambia daktari kwamba mama ana damu isiyokoma, na akiambiwa habari mbaya ataificha au ataibeba peke yake. Majina ya dawa na vipimo nayo hayafundishwi darasani kwake.

Kwa mtu mzima, awe mume, mchungaji au jirani, mlango upo lakini ni mwembamba: uombe wewe mwenyewe, uulizwe faraghani mbele ya mkalimani halisi bila yeye kuwepo, naye akubali, na iandikwe kwenye faili. Kliniki haiwezi kukulazimisha uje na mtu wako. Ndugu anaweza kukaa kando yako kama msaidizi: ashike simu, akumbushe majina ya dawa. Kwa mzee wa miaka 70, huo ni msaada mkubwa kuliko kutafsiri.

Na programu za kutafsiri kwenye simu?

Kuulizia njia ya kliniki, sawa. Kuzungumzia ugonjwa, hapana. Mashine hizi huweza kupoteza "si" au "ha" ya kukanusha katikati ya sentensi ndefu, na "usinywe" ikageuka "kunywa". Kiswahili cha Kongo kilichochanganywa na Kifaransa ndicho huzichanganya zaidi. Kanuni za 2024 zinataka maandishi muhimu ya kitabibu yaliyotafsiriwa na mashine yapitiwe na mtafsiri binadamu mwenye sifa. Ukipewa karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili kisichoeleweka, mwambie daktari. Huenda hakuna binadamu aliyeisoma.

Mji wetu ni mdogo. Itakuwaje mkalimani akiwa mtu wa kanisa langu?

Mkalimani amefungwa na usiri kama wafanyakazi wengine wa kliniki. Hata hivyo una haki ya kumkataa, na huna haja ya kueleza. Omba wa simu badala ya wa hapo mjini: kwa kawaida atakuwa jimbo jingine, anajitambulisha kwa namba, haoni sura yako. Mambo ya uzazi, ndoa, VVU au kupigwa nyumbani, omba pia jinsia unayoitaka. Kama kuna mtu chumbani asiyepaswa kusikia, mwambie mkalimani mwanzoni, naye daktari atauliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana.

Niongee vipi ili ujumbe ufike?

Sema sentensi moja au mbili, nyamaza, msubiri. Ongea na daktari, si na mkalimani: "Tumbo linaniuma", sio "mwambie tumbo linaniuma". Mkalimani atasema "mimi" kwa niaba yako, na atatafsiri kila utakachosema, hata ulichomnong'oneza mkeo.

Maneno ya kawaida hayatoshi. "Homa" kwa Mtanzania ni joto la mwili, kwa Mkenya mara nyingi ni mafua. "Malaria" wengine huita uchovu wowote wenye joto. "Presha inanisumbua" inaweza kuwa namba kwenye mashine au moyo kwenda mbio. Taja mahali, lini ilianza, inakuja au inakaa, na kitu gani huwezi kufanya kwa sababu yake. "Tangu Jumapili nikipanda ngazi kumi pumzi inakata, na lazima nikae" inamwambia daktari mengi kuliko "kifua kinanisumbua".

Namba nazo hubadilika. Nyuzi 38 za Selsiasi ni 100.4 za Marekani. Sukari ya 7 kwenye mashine ya nyumbani Afrika ni 126 kwenye ya hapa, maana huzidishwa kwa 18. Ukimwambia daktari "sukari ni 7" bila kueleza, atadhani mashine imeharibika. Kilo 68 ni pauni 150. Panadol hapa inaitwa acetaminophen, na imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, ndiyo maana watu huizidisha bila kujua. Weka chupa zote mezani kabla ya miadi, za hospitali na za mitishamba, uzionyeshe kwenye kamera moja moja.

Ukae mwanga ukiwa mbele yako, si dirisha mgongoni.

Nitajuaje kama nimeelewa dawa?

Kabla ya kuaga, rudia kwa maneno yako: dawa ipi, kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi, na ya nini. Daktari mzuri atakuomba mwenyewe. Mtego mkubwa ni "kila saa 8". Mmoja husikia kila baada ya masaa nane, yaani mara tatu kwa siku; mwingine husikia saa nane mchana, mara moja. Mwambie daktari ataje saa zenyewe: 6 AM, 2 PM, 10 PM. Dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa bomba la mililita linalotolewa na famasi. Kijiko cha nyumbani hakina kipimo.

Famasi inayopokea Medicaid au Medicare nayo inatakiwa kukupa mkalimani. Lebo ya Kiswahili ni nadra, lakini wanaweza kupiga simu ya ukalimani ukiwa dirishani.

Ni mambo gani nisiyasubirishe miadi ya simu?

Kifua kubana, uso au mkono kulegea upande mmoja, ulimi kuwa mzito ghafla, pumzi kukata, damu nyingi, degedege, mjamzito mwenye damu au kichwa kikali na macho kuona ukungu, mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la 100.4 au zaidi. Presha ya juu ya 180/120 ikiwa na dalili kama hizo, vilevile. Kwa joto la kichanga bila dalili nyingine, mpeleke hospitali mara moja. Kwa yaliyobaki piga 911. Sema kwanza anwani, kisha "Swahili", na usikate simu wakati wanamtafuta mkalimani. Kwa mawazo ya kujiua piga 988, nako utaje lugha.

Wamenikatalia mkalimani. Nimlalamikie nani?

Anza na mratibu wa kifungu cha 1557 au ofisi ya malalamiko ya wagonjwa hapo hapo. Kama una Medicaid, piga pia namba ya huduma kwa wanachama iliyo nyuma ya kadi ya bima. Kampuni ya bima ina wajibu wake yenyewe, na inaweza kukubadilishia daktari.

Pasipo jibu, peleka kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya afya ya Marekani: 1-800-368-1019, au ocrportal.hhs.gov. Kulalamika ni bure, na kukulipizia kisasi kwa sababu hiyo ni kosa. Muda ni siku 180 tangu tukio. Kitakachohitajika ni kile watu wengi hawakiandiki: tarehe na saa, jina la kliniki, jina au cheo cha uliyeongea naye, ulichoomba, alichojibu, na namba ya mkalimani kama alikuwepo mara nyingine. Piga picha ya orodha ya simu ulizopiga kabla simu haijaifuta.